Kinundu Nyuma ya Mtulinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivalishwa aproni ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, kabla sijaonyeshwa hata mahali pa kuweka mkoba. Mkuu wa Kitengo cha Mionzi, mzee mrefu aliyependa kuongea huku akitazama dirishani, alinifunga kamba za mgongoni kwa mikono yake.

"Unaionaje?" aliniuliza.

"Nzito, mzee."

"Vizuri. Siku utakayoiona nyepesi, ujue umeanza kuizembea kazi."

Nilikuwa msichana wa Njombe, nimetoka chuoni na cheti changu cha teknolojia ya mionzi, na nilikuwa nimeambiwa mkoa wa Mara ni joto la ziwani. Nikashuka Tarime asubuhi na kukuta baridi kama ya kwetu. Hilo lilinipa moyo kidogo. Kilichonivunja moyo kilikuja saa moja baadaye, kwa umbo la bibi mmoja wa Susuni aliyeletwa na mjukuu wake kwa sababu ya kikohozi.

Nilimsalimia, "Shikamoo, bibi," akaitikia vizuri. Nikamsimamisha kifua kikiwa kimegusa kaseti, yaani lile kasha bapa linalobeba filamu, nikamwambia avute pumzi na kuibana. Alitabasamu. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akatabasamu zaidi. Nikabonyeza. Picha ilipotoka kwenye chumba cha giza ilikuwa na ukungu mtupu, mbavu zimevutika kama mtu aliyepigwa picha akikimbia.

Mkuu wa Kitengo aliipachika kwenye kisanduku cha mwanga, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii ni picha ya nani?"

"Ya yule bibi wa Susuni."

"Hapana. Hii ni picha ya wewe kutojua Kikurya. Nenda kwa muuguzi wa zamu akufundishe maneno manne: vuta, bana, usitikisike, pumua. Ukishayajua, rudi umwombe bibi radhi, tupige nyingine."

Nilijifunza maneno manne siku hiyo. Baada ya mwaka nilikuwa nagombana na wauza ndizi sokoni kwa Kikurya, na wagonjwa walikuwa wameacha kuniita nesi. Waliniita Mama Eksirei, hata kabla sijawa mama wa mtu.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mmeikuta kompyuta mezani. Sisi tulikuwa na filamu. Ukishapiga, uliibeba kaseti mpaka chumba cha giza, ukaitoa filamu kwa kupapasa chini ya taa hafifu nyekundu, ukaichovya kwenye dawa ya kuitokeza, ukaisuuza, ukaichovya kwenye dawa ya kuikaza, ukaianika. Dawa ikichoka, picha inafifia. Maji yakikatika, picha inabaki na mabaka. Na mabaka, katika kazi ya kifua, ndiyo adui, kwa sababu kitu tulichokuwa tunakitafuta nacho ni baka.

Tunakiita kinundu. Ni doa la mviringo ndani ya pafu, kuanzia ukubwa wa punje hadi sentimita tatu. Likizidi hapo tunaliita uvimbe. Kinundu kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu kilichopona zamani, kinaweza kuwa vumbi lililogandiana, kinaweza kuwa saratani changa. Kwenye filamu vyote hivyo vinaweza kufanana. Eksirei inakipiga kifua kizima na kukilaza kwenye karatasi moja: mbavu za mbele, mbavu za nyuma, moyo, mishipa, vyote vimelaliana. Kinundu kikikaa nyuma ya moyo au nyuma ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, unaweza kukitazama wiki nzima usikione.

Na mara nyingine unakiona ambacho hakipo. Aliwahi kuja askari mmoja, kifua kipana, na picha yake ilikuwa na doa zuri la duara upande wa kulia. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kumhurumia. Mkuu wa Kitengo aliomba plasta, akabandika kipande kidogo cha waya juu ya chuchu ya yule askari, akasema nipige tena. Doa likatokea limevaa waya.

"Tungempeleka Mwanza akakatwe chuchu," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Lakini usije ukamcheka daktari aliyeogopa doa. Mcheke aliyeliona akanyamaza."

Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu. Baadaye nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, na huko ndiko nilikoolewa na Mwalimu Wambura wa Ringwani, na huko ndiko nilikokutana na utrasaundi kwa mara ya kwanza. Mganga Mfawidhi wetu, mtu mwenye bidii na haraka, aliipenda ile mashine kama ng'ombe mpya.

"Haina mionzi," aliniambia. "Kwa nini tusitazamie mapafu yote kwa hii?"

Nilimwomba alale yeye mwenyewe kitandani. Nikampaka ule ute wa baridi kifuani, nikamgeuzia kioo. Ini lake lilionekana vizuri, figo pia. Nilipopandisha juu penye pafu, pakawa ukungu na mistari. Yeye ndiye aliyekumbuka somo kabla sijafungua mdomo: sauti ya mashine hairudi vizuri ikikutana na hewa, na pafu ni hewa. Maji yaliyojaa kifuani utayaona vizuri sana. Kinundu kilichogusa ukuta wa kifua utakiona, na utamwongoza daktari apitishe sindano. Kilichojificha katikati hutakiona kamwe. Tuliitumia mashine ile kwa kazi zake, na wajawazito wa Serengeti walituombea dua.

Niliporudishwa Tarime nilikuta hospitali imepata eksirei ya kidijitali. Chumba cha giza kilikuwa kimefanywa stoo. Vijana walikuwa wanakuza picha kwa kidole, wanaing'arisha, wanaigeuza nyeusi iwe nyeupe. Ni kitu kizuri, sitaki kusema uongo. Mgonjwa anapata mionzi kidogo, na picha mbovu hairudiwi mara tatu kwa sababu ya dawa iliyochoka. Lakini niliwaambia vijana wale, na leo nawaambia nyinyi: kompyuta inang'arisha mfupa, haiuondoi. Kivuli ni kilekile.

Hapo ndipo alipokuja Bhoke.

Alikuwa mjane wa Kerende, mwanamke mwenye mabega ya kazi. Kwa miaka mingi alikuwa ameponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, amekaa chini, kitambaa kimefungwa kichwani badala ya puani. Alikuwa amekohoa tangu kabla ya mvua. Makohozi yake yalipimwa zaidi ya mara moja. Hayakuwa na vimelea vya kifua kikuu. Hata hivyo mwili ulikuwa unapungua.

Nilipiga picha. Mapafu yote mawili, hasa sehemu ya juu, yalikuwa yamenyunyiziwa vidoa vidogo vingi, kama mtu aliyemwaga ulezi juu ya kioo. Vumbi la mawe hilo. Tulikuwa tumeliona kwa wengi wa machimboni. Mganga Mfawidhi wa wakati huo, daktari kijana aliyetoka Kilimanjaro, alikuja kutazama akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikikazia kioo macho mpaka chai ikapoa.

"Dada, hapa," alisema, akagusa kioo juu ya mtulinga wa kulia. "Huu mfupa unaonekana mnene upande huu kuliko ule. Au macho yangu?"

Nilitazama. Nikalinganisha kulia na kushoto. "Si macho yako, daktari. Lakini siwezi kuapa."

"Kuna namna ya kuusogeza?"

Namna ipo, na ni ya zamani kuliko sisi sote. Unamsimamisha mgonjwa mbele kidogo ya mashine, unamwambia aegemee nyuma mpaka mabega yaguse, tumbo likiwa mbele, kama mtu anayejinyoosha baada ya kupalilia. Mtulinga unapanda juu na kuacha kilele cha pafu wazi. Nilimweleza Bhoke kwa Kikurya. Alifanya mara moja, akacheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kuegemea namna ile bila mtu kumwita mvivu.

Mtulinga ulipanda. Kivuli kilibaki pale pale.

Daktari alimuuliza Bhoke kama aliwahi kupigwa picha ya kifua zamani. Picha ya zamani ni mali kubwa, maana kinundu kilichokaa miaka miwili bila kukua mara nyingi si kibaya. Kinachokua ndicho cha kuogopwa. Akasema ndiyo, ipo nyumbani. Kesho yake mwanawe aliileta. Ilikuwa imezibia kidirisha cha jikoni miaka yote hiyo, jua na moshi vimeila, imebaki rangi ya kahawia na alama za misumari. Hakuna ubavu hata mmoja uliosomeka.

"Basi tutaangalia mbele," daktari alisema. "Aende Mwanza, akapigwe CT scan."

Bhoke alikubali. Hakurudi. Siku ya safari ilipita, na wiki moja ikafuata. Alipotumiwa ujumbe, jibu lililorudi lilisema wakubwa wa ukoo wanazungumza.

Daktari alitaka kusubiri kidogo. Mimi sikuweza. Nilimwambia kwamba kivuli kile hakihudhurii vikao vya ukoo. Aliniangalia, akachukua funguo za gari. Tulikwenda Kerende wote wawili.

Tulimkuta Bhoke anamenya viazi vitamu uani. Shemeji yake, Mzee Marwa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Tulimwamkia, akatuitikia, akaagiza viti. Kisha akasema bila kuzunguka, kama walivyo watu wa huku:

"Mdogo wetu mmoja alipelekwa huko Mwanza. Akaingizwa kwenye mashine. Alirudi kwenye sanduku. Mimi ndiye niliyelipokea. Sasa nyinyi mnataka huyu naye."

"Pole, mzee wangu," nilisema. "Alikwenda akiwa na hali gani?"

"Alibebwa. Hakuweza kukaa."

"Huyu anamenya viazi."

Alikitazama kiazi mkononi mwa Bhoke. Kisha akauliza swali ambalo tangu hapo nimelisikia vinywani mwa wengi, wenye elimu na wasio nayo. "Mashine yako ya Tarime imeona. Hiyo ya Mwanza itaona nini ambacho yako haioni?"

Nilichukua kiazi kimoja kibichi kwenye beseni la Bhoke, nikakiinua juani. "Mzee, kiazi hiki kina fukusi ndani au hakina?"

"Nitajuaje? Kimefunikwa."

"Mashine yangu inakitazama hivi, kwa kivuli chake. Inaona umbo, inaona kama kuna kitu kizito. Ya Mwanza inafanya hivi." Nikaomba kisu kingine, nikakata kiazi vipande vyembamba, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya sinia. "Inamkata mtu kwa picha, bila kumgusa. Kila kipande unakitazama peke yake. Mfupa hauwezi kukaa mbele ya kitu kingine, kwa sababu kila kitu kimebaki kwenye kipande chake."

Mzee Marwa aliinama, akavikagua vipande vyote. Kiazi kilikuwa safi, cheupe mwanzo hadi mwisho. Akainua uso akitabasamu kwa ushindi.

"Umeona? Hakuna kitu."

"Ndiyo, mzee. Na sasa tunajua. Kabla ya kukata tulikuwa tunabishana."

Mwanawe Bhoke alicheka kwanza. Daktari akamweleza mzee, kwa upole na bila kuficha, kwamba huenda ni kovu tu na huenda ni saratani, na kama ni saratani, tofauti ya kumenya viazi na kubebwa ni muda. Bhoke alikuwa ameendelea kumenya. Akaweka kisu chini.

"Shemeji, mawe nimeponda mwenyewe. Watoto nimesomesha. Kifua hiki ni changu, na mimi nataka kujua."

Mzee Marwa aliinuka kwenye kigoda. "Basi nitakupeleka mimi," alisema. "Ukirudi, urudi umekaa."

Niliwasindikiza Mwanza, kwa kuwa daktari aliniruhusu na kwa kuwa Bhoke aliomba. CT scan yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya chai. Kazi ilianza baada ya hapo. Daktari Bingwa wa Mionzi, mama mkimya mwenye miwani, alinikaribisha nikae naye mbele ya kioo.

"Tatizo la mashine hii, dada yangu, ni kwamba inaona mno," alisema. "Wewe umeniletea mtu mwenye kivuli kimoja. Mimi nina vinundu ambavyo siwezi kuvihesabu. Tuogope kipi?"

Alinionyesha jinsi ya kuchagua. Vidogo vya mviringo, vigumu, vyeupe kama chokaa, vilivyotawanyika pande zote mbili sawasawa: hivyo ni vumbi na makovu. Alivipita. Akateremka kipande kwa kipande mpaka nyuma ya mtulinga wa kulia, akasimama. Kile kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, hakikuwa na chokaa, na ukingo wake ulikuwa na miba iliyojishika kwenye nyama ya pafu, kama mbigili kwenye blanketi.

"Huyu si ndugu yao," alisema.

Sitawachosha na safari iliyofuata. Bhoke alipelekwa Dar es Salaam, wakamfungua, wakaondoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Ilikuwa saratani, na haikuwa imevuka kwenda kwenye tezi. Alirudi Kerende kwa basi, amekaa, Mzee Marwa pembeni yake ameshika mto wa kumwegemeza. Mpaka leo anapanda mlima polepole na kukohoa vumbi lake, kwa maana vumbi halikutoka na halitatoka. Nyundo ameiacha. Analima mihogo na kugombana na wakwe zake, kama mtu yeyote aliye hai.

Wapo wasiorudi wamekaa. Alikuja mchimbaji mmoja baada yake, baba wa watoto wadogo, ambaye kinundu chake tulikiona kimeshakuwa uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Picha ya kawaida ilitosha kabisa kukiona. Hakuna kipimo cha gharama kilichohitajika, na hakuna kilichosaidia. Nilipomvua aproni mke wake aliyekuwa amemshika, nilikwenda stoo, pale palipokuwa chumba cha giza, nikafunga mlango nikalia. Kisha nikanawa uso, nikaenda kwa Mganga Mfawidhi.

"Daktari, tunawasubiri waje wamechelewa. Twende sisi."

"Na nini? CT scan haibebeki."

"Eksirei ndogo inabebeka. Tusitafute kila kitu. Tuwatafute wale tu wanaohitaji kwenda Mwanza."

Alibisha, kwa haki. Picha ya kawaida ingewapita wengine wenye vinundu vidogo. Tungewatuliza watu wasiopaswa kutulia. Na tukiwapeleka wote kwenye CT scan, ambayo mionzi yake inazidi ya picha moja kwa mara nyingi, tungewatisha wengi kwa makovu ya bure. Tulijadiliana mpaka tukapata njia: mwenye vumbi na kikohozi kisichokwisha apigwe picha mbili, ya kawaida na ya kuegemea, mwenye shaka apelekwe, asiye na shaka aambiwe waziwazi kwamba picha safi si cheti cha maisha, kikohozi kikizidi arudi. Tulianza na Kerende. Wanawake walikuja kwanza, na aliyewapanga foleni, kwa sauti ya kuamrisha, alikuwa Bhoke. Wengi tuliowakuta na ugonjwa walikuwa na kifua kikuu, wakatibiwa wakapona. Nilifanya kazi hiyo mpaka mwaka wangu wa mwisho, na vijana wanaiendeleza.

Nilistaafu nikahamia Ringwani kwa mume wangu, nikashika jembe. Haikupita muda, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye matope, nikavunjika mbavu mbili. Nilipelekwa Mwanza, wakanipiga CT scan kutazama kama pafu limetobolewa. Halikutobolewa. Lakini kwenye pafu la kushoto, mbali na mbavu zilizovunjika, palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mtama.

Nilijua kila neno ambalo daktari angesema kabla hajalisema. Kidogo mno kwa sindano. Kidogo mno kwa kisu. Tusubiri miezi, turudie, tulinganishe. Nilikuwa nimewaambia watu maneno hayo maisha yangu yote. Usiku wa kwanza nyumbani Mwalimu Wambura alinikuta nimekaa kitandani, macho makavu.

"Si wewe uliyekuwa unawaambia watu kwamba vingi havina neno?"

"Ni mimi. Na ni kweli. Ila kweli hiyo, mume wangu, ni nyepesi ukiwa umesimama upande wa mashine."

Aliwasha jiko, tukanywa chai.

Kipimo cha marudio kilikuja. Kinundu hakikuwa kimesogea. Kimebaki kimoja cha mwisho, mwezi ujao, na nikikipita salama daktari amesema ataniacha. Binti yangu, ambaye ni muuguzi Dodoma, alinipigia juzi, sauti yake imejaa mipango.

"Mama, kwa nini wasikufanyie MRI? Haina mionzi."

"Kwa kitu kidogo kinachotikisika na pumzi, MRI haioni vizuri kama CT scan. Watatumia CT scan ya mionzi kidogo. Inatosha."

"Na kama kimekua?"

"Kitatolewa."

"Na kama hakijakua?"

"Nitajua."

Nilimsikia anapumua kwenye simu. Akaniuliza nilikuwa wapi muda huo, kwa nini kulikuwa na upepo. Nilikuwa shambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na magugu yamefika hapo hapo, na wingu lilikuwa linakusanyika. Nilimwambia nitampigia jioni, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea na mstari niliokuwa nimeuanza.